Nani Alitoa Hela ya Kwanza?

 

Sisi tulioandika makala hii ni watatu: mmoja amekulia Louisville, mmoja Columbus, mmoja Buffalo. Tulikutana kwenye darasa la Kiswahili na baada ya wiki mbili tukagundua kwamba utotoni tulifanya kazi moja. Tulisoma barua. Barua ya shule, ya hospitali, ya umeme, ya mwenye nyumba. Mtoto wa miaka tisa anafungua bahasha, anasoma Kiingereza ambacho nusu yake hakielewi, kisha anamweleza mama kwa Kiswahili ambacho nusu yake hakijui. Mama anauliza, "Kwa hiyo tulipe au tusilipe?" Mtoto anajibu chochote.

Mwaka jana tukatengeneza programu ndogo ya simu. Unapiga picha barua, nayo inakusomea kwa sauti, kwa Kiswahili, na kukutajia tarehe ya mwisho na namba ya kupiga. Watu waliisifu mno. Kanisani tulipigiwa makofi. Msikitini tulitangazwa baada ya sala ya Ijumaa. Watu mia moja na zaidi waliiweka kwenye simu zao. Halafu tukaomba dola tatu kwa mwezi, na hakuna aliyelipa. Hata mmoja. Mjomba wa mwenzetu alituambia kwa upole, "Wanangu, nyinyi ni wetu. Mtu hulipa mtoto wake?"

Tulipomweleza mwalimu wetu, hakutuonea huruma. Alisema tatizo letu ni la zamani, na kwamba kama tunataka kulielewa tuache kuuliza marafiki na tukaulize historia: kampuni changa zilizowahi kuanza karibu nasi, ni nani hasa aliyezipa hela ya kwanza, na kwa nini? Basi tukaenda kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tulianza na Columbus. Mwenzetu wa huko ameishi mjini humo tangu darasa la pili na hakuwahi kulisikia jina la CompuServe, ingawa zamani kampuni hiyo ilijulikana Marekani nzima. Ilianza mwaka 1969 kama mtoto wa kampuni ya bima ya maisha iliyoitwa Golden United Life Insurance. Siku hizo kompyuta ilikuwa inajaza chumba, na bei yake iliweza kuiumiza kampuni. Mkuu wa kampuni ile ya bima, Harry Gard, alimpa kazi mkwewe Jeffrey Wilkins, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Arizona. Mashine waliyoichukua ilikuwa kubwa kuliko mahesabu ya bima. Kwa hiyo wakaunda kampuni ndogo pembeni, Compu-Serv Network, ikae na mashine, ifanye kazi ya bima, na saa zinazobaki izikodishe kwa makampuni mengine yenye mahesabu mengi lakini yasiyo na kompyuta.

Kwa maneno mengine, mteja wa kwanza alikuwa baba mkwe. Tulicheka sana, kwa sababu mjomba alikuwa ametuambia kinyume chake. Lakini ukitazama vizuri, baba mkwe hakulipa kwa sababu ya undugu. Kampuni yake ilihitaji mahesabu yafanyike, na ingeyalipia kwa njia moja au nyingine. Makampuni yaliyokuja baadaye yalikuwa hivyo hivyo. Mtu mwenye karani kumi wa kujumlisha namba tayari analipa kila mwisho wa mwezi. Huhitaji kumfundisha kwamba kujumlisha namba ni kazi yenye thamani. Unamwonyesha tu bei nyingine.

Sehemu iliyotuvutia zaidi inakuja miaka kumi baadaye. Wateja wa CompuServe walikuwa maofisi, na ofisi hufungwa jioni. Mashine zile za gharama kubwa zikawa zinakaa usiku kucha bila kazi, zinakula umeme. Mwaka 1979 Wilkins aliamua kuuza usiku. Huduma hiyo iliitwa MicroNET. Wanunuzi hawakuwa makampuni bali watu wa kawaida waliopenda kompyuta, waliokuwa nazo nyumbani, wakaunganisha kwa waya wa simu na kulipa kwa saa, kwa bei iliyo chini sana kuliko ya mchana. Na wa kwanza kuijaribu walikuwa wanachama wa vilabu vya kompyuta vya eneo la Midwest. Vilabu, wenzetu! Kisha maduka ya Radio Shack yakaanza kuiuza.

Je, watu hao wa usiku walilipia nini? Mwaka 1980 gazeti la Columbus Dispatch lilikuwa la kwanza kusomeka kupitia CompuServe, na ungedhani hapo ndipo penye hela. Lakini kitu kilichowaweka watu kwenye mashine hadi alfajiri kilikuwa kingine, kilichoanza mwaka huo huo: chumba cha mazungumzo kilichoigwa kutoka kwenye redio za madereva wa malori, ambamo watu wasiojuana waliandikiana papo hapo. Simu za mbali zilikuwa ghali. Upweke nao una gharama zake. Mtu aliyekuwa tayari analipa ili asikike sauti yake mahali pengine alikuwa amepata bei nafuu.

Mwaka 1980 pia CompuServe ilinunuliwa na H&R Block, wale wale ambao kila mwezi wa pili wazazi wetu huenda kwenye ofisi zao kujaziwa kodi. Hatukutegemea kuwakuta humu.

Kutoka Columbus tulihamia Louisville, na hapa mambo si ya kucheka. Tarehe 6 Desemba 1993 msichana aitwaye Mary Byron aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari lake, siku aliyotimiza miaka 21. Aliyemuua alikuwa mpenzi wake wa zamani, ambaye alikuwa jela kwa mashtaka ya kumbaka. Familia ilikuwa imeomba iarifiwe kama akitoka. Aliachiwa kwa dhamana na hakuna aliyewaambia. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1994, kaunti ya Jefferson, ambayo Louisville imo ndani yake, ilizindua mtambo unaopiga simu wenyewe: mfungwa akiachiwa, kompyuta inampigia aliyedhurika, na inaendelea kupiga mpaka mtu apokee na kubonyeza namba yake ya siri. Mtambo huo uliitwa VINE. Waliousuka walikuwa watu wawili, Mike Davis na Yung Nguyen.

Tulisimama kwenye jina la pili. Nguyen alikuwa mkimbizi kutoka Vietnam aliyesoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Louisville. Mwenzetu wa Louisville, ambaye familia yake ilifika kutoka kambi ya Nyarugusu, alilisoma jambo hilo mara tatu kabla ya kutuonyesha. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kuhusu Muhammad Ali na mbio za farasi. Kuhusu huyu hakuwahi kuambiwa.

Sasa swali letu: nani alilipa? Si familia ya aliyeuawa, wala si mwanamke anayelala na simu kando ya mto akisubiri iliwe kimya. Aliyelipa ni kaunti. Kaunti ilikuwa na wajibu wa kuarifu, ilishindwa kuutimiza kwa karatasi na makarani, na kushindwa huko kulikuwa kumegharimu uhai wa mtu. Baada ya hapo majimbo mengine yakafuata, kampuni ikakua, ikaitwa Appriss, na mwaka 2021 sehemu yake yenye VINE ilinunuliwa na Equifax kwa zaidi ya dola bilioni moja na nusu.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu la kwanza. Muda wote tulikuwa tunamfuata mama mwenye barua. Hatukuuliza barua ile imetoka kwa nani. Hospitali inayotuma barua ya miadi kwa Kiingereza kwa mtu asiyesoma Kiingereza inapata hasara: siku ikifika mtu haji, daktari amekaa bure, na baadaye inalipa mkalimani wa simu kwa dakika ili kupanga upya. Tayari inalipa. Kati yetu, lakini, hatukukubaliana juu ya hili. Wawili walisema twende hospitalini moja kwa moja. Wa tatu alisema kwamba anayelipa ndiye anayeamua barua isomwe vipi, na mwenye nyumba akiwa ndiye mlipaji, ile sehemu inayomweleza mpangaji haki zake itasomwa haraka haraka. Tulibishana hadi maktaba ikafungwa. Tunadhani mwenzetu huyo ana hoja, ingawa VINE inaonyesha kwamba inawezekana serikali ilipe na simu bado ilie nyumbani kwa anayeihitaji.

Kabla ya kufika Buffalo ilibidi tuende nyumbani kidogo, kwa sababu kila tulipotaja utafiti huu kwa wazazi, jibu lilikuwa moja: "Na M-Pesa je?"

Ni kweli kwamba Safaricom haikuwa kampuni changa, na Vodafone iliyokuwa nyuma yake ilikuwa kubwa zaidi. Lakini M-Pesa yenyewe ilianza ndogo sana. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, kwa mawakala wanane na wateja wasiofika 500, ambao walipewa simu bure. Fedha za kuanzia zilitoka kwa serikali ya Uingereza na Vodafone, na walioiongoza, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa na wazo lililonyooka: watu waliokopa kwa Faulu Kenya walipe marejesho yao kwa simu badala ya kwenda na noti kwenye mkutano wa kikundi.

Watu wakaitumia kwa mambo mengine. Walimtumia ndugu hela. Walinunua muda wa maongezi wakamrushia mtu kijijini. Wafanyabiashara waliweka pesa upande mmoja wa safari wakazitoa upande wa pili, ili wasilale njiani na fedha mfukoni. Wenye mradi wangeweza kukasirika na kuwarudisha wateja kwenye mstari. Badala yake waliyaacha marejesho ya mikopo, na tarehe 6 Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa wote ikiwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Kutuma kulikuwa shilingi 30. Kabla mwaka haujaisha waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni moja.

Watu wa kijijini na mjini walikuwa wanalipa tangu zamani. Walimpa dereva wa basi bahasha na kitu kidogo cha shukrani. Walimpa binamu anayesafiri, na binamu akafika na pungufu. Waliokosa mtu walipanda gari wenyewe, nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima imepotea. Shilingi 30 haikuwa gharama mpya kwao. Baba wa mmoja wetu, aliyewahi kuishi Nairobi, alituambia kwamba dereva wake wa basi alikuwa mwaminifu kabisa, ila alikuwa hapokei bahasha ya mtu asiyemjua, na kupata kujulikana kulimchukua mwaka mzima.

Kuna wengine wa Afrika Mashariki walio karibu zaidi na sisi kwa umri na kwa hali. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosoma MIT na Harvard, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online. Walianza na habari za nyumbani kwa watu walio mbali na nyumbani. Wazo zuri, na mtu yeyote aliyekulia ughaibuni anajua njaa ile. Lakini kampuni ilikuja kukua kwa kuuza kitu kingine: kuunganisha watu na ofisi za Afrika kwenye intaneti, kuanzia Nairobi. Tunawaelewa. Nasi tulikuwa tumeanza na kile tulichokitamani sisi.

Buffalo tutaipita haraka, kwa kuwa kisa chake ni cha juzi na hakina fumbo kubwa. Mwaka 2014 ilianzishwa huko ACV Auctions, mnada wa magari yaliyotumika kwa ajili ya wauzaji wa magari peke yao. Zamani muuzaji aliyepokea gari asilolitaka alilipakia kwenye lori, akalipeleka kwenye uwanja wa mnada, akasubiri siku ya mnada, na lisiponunuliwa akalirudisha. Lori linalipwa, uwanja unalipwa, siku imekwenda. ACV ilituma mtu wa kulikagua gari pale pale lilipo, ikaandika kila mkwaruzo, kisha mnada wa dakika 20 ukafanyika kwenye simu. Joe Neiman, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameshawahi kuwa muuza magari mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji kubahatisha gharama hizo.

Mwaka 2015 ACV ilishinda dola milioni moja katika mashindano ya 43North ya mjini humo, na Machi 2021 hisa zake zikaanza kuuzwa Nasdaq. Huko Buffalo ni milioni ile inayozungumzwa sana. Mwenzetu wa Buffalo anasema hata kwenye shule yao ya sekondari walifundishwa kuandaa hotuba ya dakika tano ya kuwashawishi waamuzi. Hakuna aliyewafundisha kumwendea muuza magari na kumwomba ada ya gari moja. Mashindano yanakupa hela kwa sababu umewapendeza watu waliokaa mezani. Nasi makofi tulikuwa tumeshapata, kanisani, bure.

Baada ya kusoma yote haya tuliacha kuuliza watu kama wanaipenda programu yetu. Wakati wa likizo kila mmoja alirudi mjini kwake na swali moja tu: hapa, ni nani ambaye tayari analipa ili asomewe barua?

Columbus jibu lilikuwa hakuna, au karibu hakuna. Familia ni kubwa, binamu wamejaa, kila nyumba ina mtoto wa darasa la sita. Hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Watu hawakukataa kulipa dola tatu kwa ubahili. Walikuwa na huduma ile ile bure, na inaamka nao asubuhi. Mshindani wetu alikuwa sisi.

Louisville kulikuwa na mzee mmoja. Jumamosi anakaa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika, mlango wazi, miwani puani, na watu wanapanga foleni na bahasha zao. Dola tano kwa barua, kumi kama kuna fomu ya kujaza. Mwenzetu alimsalimia, akamwonyesha programu. Mzee aliitazama muda mrefu, akapiga picha barua iliyokuwa mapajani mwake, akaisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema imeruka ukurasa wa nyuma. Ni kweli, ilikuwa imeruka. Hadi leo hatujaelewana kama mzee huyu ni mteja wetu, au ni mtu tunayetaka kumnyang'anya riziki, au ni mtu ambaye tungepaswa kumlipa sisi ili atukosoe. Tulirekebisha suala la ukurasa wa nyuma.

Buffalo, upande wa West Side, kulikuwa na mama ambaye mtoto wake wa mwisho aliondoka Agosti kwenda chuo. Alikuwa amezaa wakalimani wanne na wote wameondoka. Tangu hapo bahasha anaziweka kwenye kapu juu ya friji, na kila Jumapili kijana wa jirani anakuja kuzisoma kwa dola kumi, na mara nyingine haji. Mama huyu hakutuuliza programu inafanyaje kazi. Aliuliza inafanya kazi Jumatano?

Hana kadi ya benki anayoiamini kwa mambo ya simu. Hela yake ilikuja kwa mkono, dola tisa za miezi mitatu, ndani ya bahasha ya kampuni ya umeme iliyogeuzwa. Tumeitunza bahasha hiyo. Wiki mbili baadaye alimpigia mwenzetu simu, na moyo ulituruka tukidhani anataka kurudishiwa. Barua zilikuwa zinasomwa vizuri, alisema, hata ya bima aliielewa. Ila sauti ile ya mwanamke, inayoongea kama mtangazaji wa Dar es Salaam, inamchosha masikio. Yeye ni mtu wa Uvira.

"Mumuambie ule dada," alisema, "aseme sawa watu."